Yai Bichi la Dismasi

Mashine iliyomtia Dismasi mahabusu ilikuwa ndogo, ukubwa wa redio ya mkulima, na siku hiyo ilikuwa imekaa mezani katika Zahanati ya Mwaloni, Ujiji, kama vile lolote lililotokea halikuihusu. Inspekta Aikande aliivuta karibu, akaizungusha, akaitazama mgongo. Alikuwa amekuja kuikagua yeye mwenyewe kwa sababu ripoti alizoletewa ofisini zilikuwa za watu waliokwisha kuamua nani mbaya.

Kesi yenyewe kila mtu pale mwaloni, ufukwe wanakoshukia wavuvi, aliijua. Elida, mke wa mvuvi Amosi, alikuja hapa akiwa na mimba kubwa, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, presha imepanda. Alipimwa mkojo kwa mashine hii, mashine ikasema figo ziko salama, akaambiwa akapumzike nyumbani. Hazikupita siku nyingi akaanguka kifafa cha mimba. Mtoto alitolewa mzima hospitalini, mama akafia palepale kwenye meza ya upasuaji. Amosi alipotoka mazikoni alikwenda moja kwa moja polisi na kumtaja mtu aliyempima mkewe. Mtu huyo alikuwa Dismasi, mhudumu wa maabara, kaka wa damu wa marehemu.

Dismasi alikamatwa wiki kadhaa baadaye, na tangu hapo hakuwa ametoa maelezo. Hakukana, hakukiri, hakuomba wakili. Mwanzoni mwa wiki angepandishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kwa jinsi jalada lilivyosimama, asingetoka leo wala kesho.

Koplo Leodgar, kijana wa Kasulu aliyependa kesi zinazoisha upesi, alikuwa na maelezo yake tayari. Alifungua friji ya zahanati na kumwonyesha bosi wake maboksi ya jeli ya kupimia mkojo yaliyopangwa hadi juu.

"Afande, haya hapa. Alikuwa anawaambia kina mama jeli imekwisha, nendeni hospitali kubwa. Kumbe imejaa. Alikuwa anaiweka iende ng'ambo, Kongo. Halafu mara kwa mara anatoroka kazini, hajulikani alipo. Alikuwa anakutana na wateja wake."

"Alianza lini kusema imekwisha?"

Nesi Christina, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu. Alisema ni baada ya kumzika dada yake. Kabla ya hapo Dismasi alikuwa anapima kila mjamzito aliyeingia.

Aikande hakulipenda jibu hilo. Mtu mwenye mpango wa wizi hangoji kwanza afiwe.

Alimwomba nesi amwonyeshe mashine inavyotumika. Christina akatoa kiduara cha jeli kwenye pakiti yake, laini na cheupe kama nyama ya dafu. Akaeleza kwamba mkojo unadondoshwa juu ya jeli, jeli inawekwa kwenye trei, trei inasukumwa ndani, unabonyeza kitufe. Mle ndani taa inaipiga ile jeli. Mkojo ukiwa safi jeli inang'aa, na kwenye kidirisha unaona kijani. Ukiwa na protini, maana yake figo zinavuja, jeli inazima na kidirisha kinabaki cheusi. Mwenye cheusi anakimbizwa hospitali bila kusubiri.

"Cheusi mara ya mwisho mlikiona lini?"

Christina alifikiri, akasema siku nyingi. Tangu mwanzoni mwa kiangazi wote walikuwa kijani. "Tulikuwa tunamshukuru Mungu," alisema, na sauti ikamwishia hapohapo.

Aikande alipiga simu Dar es Salaam kwa Dokta Benedict, aliyewahi kuja kuwafundisha wahudumu mashine hizi. Alimwuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: umeme ukikatika, jeli ikaharibika, mashine itaonyesha nini? Benedict alisema jeli iliyoharibika haing'ai kabisa. Itaonyesha cheusi kwa kila mtu, mgonjwa na mzima. Na ikiwa ya bandia? Hivyohivyo, cheusi.

Leodgar alisikia yote, maana simu ilikuwa kwenye spika. Kongo yake ikaanza kuyeyuka. Jeli mbovu ingewajaza wazima hospitalini. Isingempeleka mgonjwa nyumbani akafe.

"Ipo njia ya kuijaribu bila mgonjwa?" Aikande aliuliza.

"Ipo, tena rahisi. Ute wa yai. Ukoroge kidogo kwenye maji safi, udondoshe. Ni protini tupu. Lazima kidirisha kiwe cheusi."

Kuvuka barabara, mbele ya geti la zahanati, Mama Marcelina alikuwa na banda lake la chipsi mayai. Aikande alimpa shikamoo, akamwomba yai moja bichi. Mama yule alipekua trei nzima ya mayai kabla ya kumpa, huku akicheka kidogo.

"Hiyo zahanati mnafuga kuku siku hizi? Na Dismasi naye alitaka bichi. Nikamwambia lete nikukaangie mwanangu, una matanga, kula. Akakataa. Akaingia nalo humohumo ndani."

"Matanga ya Elida?"

"Ndiyo hayo. Yalikuwa hata hayajaanuliwa."

Aikande alisimama barabarani na yai lake mkononi, bodaboda zikimpigia honi. Basi Dismasi alikuwa amelifanya jaribio hilihili. Alijua. Na mtu anayejua kilichomwua dada yake, kisha akanyamaza hadi mahabusu, hanyamazi kwa ajili ya maboksi ya jeli.

Walikoroga ute kwenye kikombe, wakadondosha, wakasukuma trei. Kijani. Aikande akaweka ute mzito bila maji. Kijani kilekile, kikali, cha kufurahisha. Christina aliketi. Halafu Aikande, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, akaitoa jeli, akafuta trei kwa kitambaa, akaisukuma ndani tupu.

Kijani.

 Mashine ilikuwa inawaambia kwamba figo za trei tupu ziko salama.

"Bisibisi," alisema Aikande.

Skrubu za nyuma zilikuwa na mikwaruzo mipya. Kifuniko kilipotoka, kitu cha kwanza walichokiona ni gundi nyeupe ya silikoni, imezungushwa kwa ustadi pembeni ya taa ndogo nyeupe. Leodgar alisema angeapa mbele ya hakimu kwamba hiyo ni taa ya mtumbwi. Zile za sola zilizoondoa karabai ziwani zina balbu hizohizo. Aikande alikuwa anaitazama gundi. Silikoni huwekwa ili maji yasiingie, na humu zahanati hakuna wimbi linaloweza kuifikia meza. Aliyeipaka alikuwa fundi ambaye mkono wake umezoea taa za ziwani, ameipaka kwa mazoea tu. Kwa ncha ya kibano alitoa kitu kilichonasa kwenye gundi, akakiweka kwenye karatasi. Kilikuwa gamba la dagaa.

Mafundi wa taa za mitumbwi sokoni Mwanga wamekaa mstari mmoja, na wa kwanza waliyemwonyesha ile gundi aliwaelekeza kwa kidevu kwenye meza ya fundi Isaka bila kuinua kichwa. Leodgar alimsalimia fundi Isaka kwa Kiha, "Mwakeye," na mzee yule akafurahi kupata mtu wa kwao. Alikuwa na meza iliyojaa matumbo ya redio na simu. Alipoiona mashine aliitambua mara moja, na uso wake ukawa wa mtu anayengoja kusifiwa.

"Hiyo nimeifufua mimi. Ilikuwa imechoka sana. Taa yake ilibaki kutoa mwanga wa zambarau, hafifu, mwanga wa kulewalewa. Ukiona taa ya ziwani imefika hapo ujue imekufa, dagaa hawaji. Nikaitoa, nikaweka hii. Ikawaka mpaka kwenye dari."

"Ile ya zamani uliitupa?"

Isaka alionekana kukwazwa na swali hilo. Yeye hatupi kitu. Alichakura ndani ya kopo la maziwa na kuitoa, taa ndogo kama punje ya harage, akaiunga kwenye betri. Ikatoa ule mwanga wake wa zambarau, mnyonge, usioweza kumwonyesha mtu hata kidole chake mwenyewe.

Aikande alimwomba airudishe ilipokuwa. Fundi alisita, akasema wanaiharibu mashine nzima, lakini akafanya. Palepale juu ya meza yake, katikati ya kelele za soko, walidondosha ute wa yai. Kidirisha kikawa cheusi. Wakaweka jeli nyingine na maji ya chupa. Kijani, kijani cha upole, tofauti kabisa na kile cha asubuhi. Wakarudia. Cheusi, kijani, kila mara mahali pake.

Benedict aliwaeleza kwa simu, taratibu, kama mtu anayezungumza na wafiwa. Mwanga wa zambarau ndio unaoamsha kijani cha jeli, na huwa hafifu hivyo tangu kiwandani. Taa nyeupe ina kijani ndani yake tayari. Kidirisha kimetengenezwa kupitisha kijani peke yake, kwa hiyo ukiwasha taa nyeupe kitaona kijani hata kama humo ndani hamna kitu.

"Kwa hiyo kabla ya kubadilishwa taa mashine haikuwa imeharibika," alisema Aikande.

"Haikuwa na tatizo lolote."

Fundi Isaka alikuwa akimtazama huyu na kumtazama yule. Aliuliza kwani amefanya nini. Leodgar alijifanya anafunga maboksi. Aikande alimwambia mzee kwa kifupi, kwa sababu angeyasikia tu, tena kwa watu wabaya zaidi. Isaka alizima redio yake. Alikaa na bisibisi mkononi kama mtu aliyesahau inashikwa upande gani.

"Nani alikuletea hii mashine?"

"Dismasi."

"Na taa?"

Isaka aliweka bisibisi mezani.

"Taa aliileta mvuvi, shemeji yake. Amosi. Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi, mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala, watu wanatengeneza vifaa. Aliifungua kwenye mtumbwi wake mwenyewe, ile kali kuliko zote. Alisema mke wangu ana mimba, atapimwa na hii, sitaki apimwe na taa mbovu."

Leodgar alitukana kwa sauti ya chini. Aikande aliichukua ile taa nyeupe, akaifunga kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe. 

Dismasi aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, shati limemlegea. Alikaa kama alivyokaa mara zote, macho sakafuni. Aikande hakuwa na sababu ya kuzunguka.

"Yai ulilonunua kwa Mama Marcelina lilikupa jibu gani?"

Kijana aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza Aikande kumwona macho.

"Kijani," alisema.

Baada ya hapo yalitoka yote. Wakati wa matanga hakulala, akawa anajiuliza imekuwaje miguu imevimba vile na mashine iseme salama. Akakumbuka habari ya ute wa yai waliyofundishwa. Alipoona kijani alifungia mashine kabatini na kuwaambia kina mama jeli imekwisha, ili waende hospitali kubwa wakapimwe kwa njia nyingine. Halafu akaanza kuwatafuta aliokwisha kuwapima. Ndiko alikokuwa akitoroka kazini. Mmoja alimkuta kijijini Kidahwe, amevimba uso, akampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, akapona yeye na mtoto. Mwingine alimfuata hadi kambi ya wavuvi kusini, akaonyeshwa kaburi. Waliobaki wengine walikuwa wamehama na kambi, wengine wamevuka na waume zao kwenda ng'ambo, na ng'ambo ni kubwa.

"Kwa nini hukusema? Ungetuambia tungewatafuta sote."

"Mngeniuliza taa ilitoka wapi."

Aikande aliandika hilo.

"Shemeji ananichukia, Afande. Ana haki. Mwenye mafunzo ni mimi, na mimi ndiye niliyedhani mwanga hafifu ni ubovu, nikaikubali ile taa. Niliona imekuwa kali, nikafurahi. Nimekulia mwaloni, kwetu taa nzuri ni kali. Lakini yeye akiamka asubuhi anaamka kwa sababu ana mtu wa kumchukia. Anamlisha mtoto kwa kijiko, anasema mwanangu ukue uone waliomwua mama yako wamefungwa. Sasa wewe ukamwambie taa ilikuwa yake? Mtoto atabaki na nani? Acheni nifungwe mimi. Mimi nimekosa kweli."

Aikande aliweka kalamu chini. Alimweleza jinsi mambo yalivyo, kwa sababu uongo wa kumfariji usingemfikisha popote. Maelezo ya fundi yalikuwa jaladani. Taa ilikuwa kielelezo. Amosi alikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na wakili yeyote angemwonyesha ile taa mbele ya watu wote na kumwuliza kama anaitambua. Kuficha haikuwezekana tena. Kilichobaki ni kuchagua nani amwambie, na wapi.

"Na mimi nitatoka?"

"Sijui. Nitaandika ulichofanya baadaye. Lakini ulibadilisha kifaa cha zahanati bila ruhusa na watu wamekufa. Sheria ina kifungu cha hilo."

Dismasi alitikisa kichwa kukubali. Alipokuwa anaondolewa aliomba kitu kimoja: mama yake awepo Amosi akiambiwa.

Jua lilikuwa bado kali walipofika mwaloni. Giza la mwezi lilikuwa limerudi na wavuvi walikuwa wanajiandaa. Mchanga wote ulinuka dagaa na petroli. Amosi alikuwa ameinama kwenye mtumbwi wake akifunga taa kwenye vishikizo, moja baada ya nyingine. Kishikizo kimoja cha mbele kilikuwa kitupu. Juu kidogo, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, Mama Yunisi, mkwe wake, mama wa Elida na wa Dismasi, alikuwa amempakata mtoto. Binti kaburini, mwana mahabusu, na bado alisimama kuwakaribisha wageni. Aikande alimwamkia shikamoo na akashindwa kumtazama usoni.

Amosi alifuta mikono kwenye kaptura.

"Dismasi amesema alivyoiharibu ile mashine?"

"Tumejua ilivyokuwa. Kaa, kaka yangu."

"Nitasimama."

Basi Aikande akamwambia akiwa amesimama. Hakupamba maneno wala hakumzungusha. Alimwambia mashine ilikuwa nzima, mwanga wake ulitakiwa uwe hafifu vile, na taa nyeupe ndiyo iliyofanya kila kitu kionekane salama. Alisema "taa nyeupe" mara kadhaa, akitumaini asilazimike kusema zaidi. Amosi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ya watu wengine. Kisha akageuka, akakitazama kile kishikizo kitupu.

"Ile niliyoitoa hapa?"

"Ndiyo."

"Ya kwangu."

"Ndiyo, Amosi."

Mama Yunisi alitoa sauti ndogo, akaikata kwa kuuma kanga yake. Amosi hakulia. Aliuliza kama Dismasi alijua. Aikande alimwambia alijua tangu matanga na alinyamaza kwa ajili yake. Amosi, uso umemkauka, akasema kwa adabu kabisa, kama anaomba huduma ofisini, "Kwa hiyo mwachieni Dismasi, mnichukue mimi."

"Siwezi. Kutoa taa si kosa. Hakuna kifungu."

"Nimemwua mke wangu, unaniambia hakuna kifungu?"

"Hujamwua."

Amosi alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwuma Aikande kuliko yote. Kisha mvuvi aliacha kamba zake pale zilipo, akapanda mchanga, akapita mbele ya nyumba yake, akafungua mlango wa nyuma wa gari la polisi na kuingia. Akafunga mlango.

Leodgar alimfuata, akamwomba kwa upole ashuke. Akamwita kaka, akamwita mzee, akamwambia mitumbwi inaondoka muda si mrefu. Amosi alitazama mbele. Leodgar alimgeukia bosi wake amwambie cha kufanya. Miaka yote ya kazi Aikande alikuwa amefunzwa kuwaingiza watu ndani ya gari lile. Kuwatoa hakuna aliyemfundisha.

Mtoto aliamka na kuanza kulia. Mama Yunisi alishuka naye taratibu hadi kwenye gari, akampitisha dirishani kwa mikono yote miwili.

"Amosi. Mtoto ana njaa. Mshike nimtafutie maziwa."

Amosi hakugeuka. Aliibana mikono yake pamoja juu ya magoti, vifundo vikigusana, akainyoosha mbele na kungoja pingu.